Muulize Fundi: Grabu inafumba, haifumbuki

Mwezi huu barua za grabu zimenizidi. Sijui ni masika yaliyoijaza mitaro mchanga au ni mizigo ya mitumba iliyoshuka bandarini, lakini kila ninayemfungulia anauliza lilelile. Basi barua za greda na za gia za tipa nimeziweka kando, wenyewe mnisamehe.

Kwa asiyeijua: grabu ni yale makombe mawili yaliyoungwa kwa pini juu, yananing'inizwa kwenye ncha ya mkono wa ekskaveta mahali pa baketi. Yanashuka wazi, yanafumba, yanapanda na mzigo. Aliyewahi kubanwa kidole na gando la kaa pale Kigamboni ameshaelewa robo tatu ya kazi. Robo iliyobaki ndiyo inayokata pini na kutoboa mifuko ya watu.

Shikamoo fundi. Nina ekskaveta ya tani 20 iliyokuwa ikipiga nyundo machimboni Kunduchi. Nimenunua grabu ya mtumba, fundi wangu ameiunga kwenye laini ya nyundo. Nikikanyaga pedeli inafumba vizuri, lakini haifumbuki mpaka tulegeze hosipaipu kwa spana, mafuta yanaruka kila mahali. Na haizunguki. Aliyeniuzia anasema pampu yangu imechoka. Nibadilishe? Mwenye mtambo, Tegeta.

Marahaba. Huyo aliyekuuzia muulize pampu iliyochoka inafumbaje vizuri. Usinunue pampu.

Nyundo, ile ya kuvunjia mawe, ni kifaa cha njia moja. Mafuta yanaingia kwa presha, yanapiga pistoni, kisha yanarudi tangini moja kwa moja kupitia filta, bila kupita tena kwenye valvu kuu. Imefungwa hivyo kwa makusudi, ili mafuta yakirudi yasikute kizuizi. Grabu ni ya njia mbili: ikifumba, laini hii inasukuma na ile inarudisha, ikifumbuka, zinabadilishana. Sasa kwenye mtambo wako laini ya pili haiwezi kusukuma kitu, mdomo wake uko tangini. Ukiachia pedeli, mafuta ya kufumba yanabaki yamefungiwa, makombe yameuma meno, ndipo mnakimbilia spana.

Dawa ninayoipenda, kwa kuwa karibu haina gharama, ni kutumia mafuta ya silinda ya baketi. Grabu ikishaning'inia, ile silinda haina tena cha kusukuma. Ivue kabisa, au rudisha fimbo yake ndani uifunge imara kwenye mkono isije ikakuvunjia kioo. Hosipaipu zake mbili zipeleke kwenye grabu, na matundu ya silinda uliyoiacha yazibwe kwa vizibo vya nyuzi, si kwa kipande cha khanga na mpira wa baiskeli kama nilivyoona wiki iliyopita. Tayari una njia mbili, na liva ileile ya kukunjia baketi ndiyo itakayofumba makombe. Hapo angalia: laini ya kukunja iwe ya kufumba. Ukizigeuza mtambo hautadhurika, ila siku opereta akishtuka ataivuta liva kama mkono wake ulivyozoea, na mzigo utamwagika juu ya asichokitaka.

Ukitaka kubaki na silinda ya baketi mahali pake, chungulia kwenye shina la bumu, ule mkono mkubwa unaoanzia kwenye mtambo. Mitambo mingi iliyotoka kiwandani na laini ya nyundo ina valvu ya kugeuza, upande mmoja nyundo, upande mwingine vifaa vya njia mbili. Pengine unayo na haijaguswa tangu ishuke melini.

Kuzunguka ni habari nyingine. Mota ya kuzungushia grabu inataka makumi machache tu ya lita kwa dakika. Pampu mbili kuu za mtambo wa tani 20 zikiunganisha nguvu zinatoa zaidi ya lita 400. Ukiipelekea mota mkondo huo bila kipunguzio, itazunguka kama feni asubuhi moja na jioni sili za kuzuia mafuta zitatapika. Kwa kuzoa mchanga na kusafisha mtaro unaweza kuishi bila kuzunguka. Ifunge isigeuke, ufanye kazi, laini yake ndogo utaweka ukipata fedha.

Kuhusu spana. Yule anayelegeza hosipaipu yenye presha aache leo. Mafuta yakitoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano kwa presha ya bar 300 yanapenya ngozi. Mtu anaona kidoa tu, hata hakimuumi sana, anaenda kulala, kesho mkono umevimba na kidole kiko hatarini. Akipigwa hivyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama anacheka. Kabla ya kugusa nati: laza mkono wa mtambo chini, zima injini, rudisha swichi iwe imewashwa bila kuwasha injini, na liva ya usalama iwe imefunguliwa, zungusha liva zote mara kadhaa presha iishe, kisha legeza kifuniko cha tangi taratibu. Ukitafuta panapovuja, pitisha kipande cha boksi, si kiganja.

Jambo moja hukuliuliza. Grabu ya mtumba ina mafuta ya mtu mwingine ndani. Mwaka wa kwanza wa gereji yangu Vingunguti niliunga grabu iliyolala uani masika mawili, nikiwa na haraka ya kumfurahisha mteja. Silinda zilikuwa na maji. Siku ya tatu mafuta kwenye kioo cha tangi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ya nane pampu inalia kama paka. Nililipa mimi. Kwa hiyo vua hosipaipu za grabu, kunja na kukunjua silinda zake mpaka zitoe uchafu wote kwenye ndoo, jaza mafuta safi, ndipo uunge. Kisha fungua na kufumba bila mzigo kwa dakika kadhaa hewa itoke, pima tangi, na filta ya kurudishia uibadilishe mapema kuliko kawaida.

Fundi, sisi ni vijana watatu tuna kampuni changa. Tumepata kazi ya kuzoa mchanga kwenye bwawa la kutulizia maji mwishoni mwa mtaro mkubwa. Mtambo wa tani 20, grabu ya mita 1 ya ujazo. Opereta akinyoosha mkono kando, cheni ya kutembelea ya upande wa pili inanyanyuka. Anasema ni kawaida, atafutwe mtu wa kukaa nyuma ya mtambo. Mmoja wa watatu, Tabata.

Mtu wa kukaa nyuma! Ule uzito wa chuma ulioko nyuma ya mtambo wenu ni karibu tani 4, na umeshindwa. Mnataka kuusaidia na kilo 70 za binadamu. Huyo mtu mpeni chai aende zake kabla mtambo haujamrusha.

Kaeni chini tuhesabu. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6. Ukilowa, tani 1.9, wakati mwingine 2. Grabu yenu yenyewe, mmeniandikia kibao kinasema kilo 1,100. Jumla tani 3, zinaning'inia mwisho wa mkono. Nyuma ya kiti cha opereta, au ubavuni mwa kibanda, kuna jedwali la kunyanyulia, lile ambalo watu hubandikia stika za Simba na Yanga. Lisomeni. Mtambo wa tani 20 ukinyoosha mkono mita 8 na zaidi kando ya cheni, mara nyingi unaruhusiwa kati ya tani 2 na 3. Na hesabu ya jedwali inachukulia ardhi ngumu iliyo sawa, si ukingo wa bwawa ulioloa.

Tarakimu za humo si za kuanguka. Wanaopanga majedwali hayo huchukua asilimia 75 ya uzito unaopindua mtambo, au asilimia 87 ya uwezo wa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta, ile iliyo ndogo. Tarakimu yenye nyota maana yake haidroliki ndiyo itakayoshindwa kwanza, mtambo utagoma kunyanyua. Isiyo na nyota, mtambo utanyanyua tu, na utapinduka nao. Hizo zisizo na nyota ndizo nyingi ukinyoosha mkono mbali kando. Opereta wenu anasema ni kawaida kwa sababu hajapinduka bado.

Grabu ya mita 0.6 ya ujazo yenye uzito wa kilo 800 hivi itawapa: mchanga tani 1.14, chuma tani 0.8, jumla chini kidogo ya tani 2. Hiyo mnaimudu. Kama hamuwezi kuibadilisha wiki hii, usogezeni mtambo karibu na uelekee bwawa kwa mbele, cheni zikiwa zimenyooka kuelekea kwenye mzigo, maana kwa urefu wa cheni mtambo una msimamo kuliko kwa upana wake. Msiniambie kwamba mtajaza nusu. Opereta anayelipwa kwa tripu hajazi nusu.

Halafu kuna tope. Tope lina mdomo. Ukizamisha makombe na kufumba, tope la chini linanyonya, na unapovuta unanyanyua mzigo pamoja na ule mnyonyo. Hapo ndipo cheni inaruka ghafla. Vuta polepole, subiri sekunde chache maji yaingie chini, kisha panda. Grabu nzuri za majini zina matundu juu ya makombe kwa ajili hiyo. Kama za kwenu zimezibwa na chupa za plastiki, na kwa mitaro yetu lazima zimezibwa, zizibueni kila asubuhi.

Mkimaliza bwawa na mkashawishika kuingia mtoni Msimbazi au Mzinga kuchota mchanga wa kuuza, kaulizeni kwanza Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Mimi ni fundi, siandikii watu vibali, na sitaki kusikia jina langu limetajwa.

Grabu yangu ni pana, nyepesi, haina meno. Kwenye mchanga inajaa, kwenye udongo mgumu wa kiwanja cha Msasani inakwaruza tu. Nimeambiwa niongeze presha. Mkandarasi mdogo.

Ukiongeza presha utapasua silinda na bado itakwaruza.

Baketi inachimba kwa nguvu ya mtambo mzima: bumu linakandamiza, mkono unavuta, cheni zimekamata ardhi. Grabu inaning'inia. Haina wa kuikandamiza. Inachoingia nacho ardhini ni uzito wake na makali yake, kisha silinda inafumba. Ikiwa nyepesi na midomo yake bapa, silinda ikifumba, grabu ndiyo inayonyanyuka badala ya makombe kuzama. Sasa opereta wako, nina hakika, anashusha bumu kuikandamiza. Inalala ubavu, na pini ya juu inapinda. Ukikuta pini imekaa kama ndizi, usiniulize ilikuwaje.

Yako ni grabu ya kuhamishia vitu vilivyolegea. Nilianza maisha na ndugu zake wakubwa, nikiwa kijana wa winchi bandarini tukishusha ngano. Ngano mita moja ya ujazo haifiki tani 0.8, kwa hiyo makombe yanakuwa makubwa na ya chuma chembamba, yanazama yenyewe kama kijiko kwenye sukari. Ya kuchimbia ni nyembamba, nzito kwa ukubwa wake, ina meno, na silinda zenye kifua. Ukiziona zimelala pamoja utazijua, kama unavyomtofautisha bondia na mcheza taarabu.

Na Msasani ina lake. Rasi yote ile chini yake ni mwamba wa matumbawe. Udongo unaouita mgumu, huenda umeshafika kwenye jiwe. Hapo hakuna grabu itakayokusaidia, yenye meno wala isiyo na meno. Piga nyundo kwanza, kisha hiyohiyo grabu yako pana itazoa vifusi vizuri tu.

(Kwa wapenda visa: grabu iliyoipatia umaarufu kampuni ya Priestman ya mji wa Hull, Uingereza, ilibuniwa miaka ya 1870 kwa ajili ya kutafuta dhahabu ya merikebu za Kihispania zilizozama ghuba ya Vigo mwaka 1702. Utajiri wa grabu haukutoka kwenye dhahabu ile. Ulitoka kwenye tope la bandari za watu.)

Shikamoo baba. Mimi ni opereta wa kike, mwaka wa pili sasa. Tumepewa mashimo ya nguzo Kariakoo, kina mita 5, kiwanja kimebanwa na majengo pande tatu. Bosi kaleta grabu, sijawahi kuitumia. Inabembea, naogopa ukuta wa jirani. Pia anataka kibarua awe chini shimoni kusafisha pembe wakati natoa udongo, anasema muda ni mali. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Naanza na kibarua kwa kuwa hilo halina mjadala. Hashuki. Wewe ukiwa na mzigo juu, chini hakuna mtu. Akitakiwa kusafisha pembe, grabu inatoka, inalazwa chini pembeni, injini inazimwa, kuta za shimo zimeegemezwa zisiporomoke, ndipo anashuka. Akimaliza anapanda, unaendelea.

Nakwambia kwa nini. Nilikuwa nafukua shimo la tangi la maji machafu, grabu imejaa, iko juu kabisa nageuka kumwaga. Hosipaipu ya kufumba ilipasuka. Sikusikia mlio mkubwa, ilikuwa kama mtu amekohoa. Makombe yalifunguka yenyewe na tope lote likashuka juu ya toroli lililokuwa njiani. Toroli liligeuka bati. Mwenye toroli alikuwa ameondoka kuomba kiberiti. Mpaka leo nikimwona mvutaji sigara simkemei kama wengine.

Muulize bosi kama silinda za grabu zina valvu ya kushikilia, ile inayofungwa kwenye silinda yenyewe ili hosipaipu ikikatika mafuta yasitoroke. Ikifungwa mbali kwenye bumu haisaidii, maana hosipaipu iko katikati. Hata ikiwepo, jibu la kibarua ni lilelile. Akikubana, mwambie Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana ofisi hapahapa mjini. Umwambie kwa adabu, lakini ukiwa umeshashuka kwenye mtambo.

Bosi wako hata hivyo amepatia jambo moja, kuleta grabu. Baketi inavuta udongo kukufuata wewe, inachora upinde. Ukitaka shimo la mita 5 lililosimama wima, baketi itakulazimisha upanue mdomo, na kiwanja chako hakina pa kupanua. Grabu inashuka wima na kupanda wima. Tangu ghorofa lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024 majirani wanachungulia kila shimo, na wana haki. Usiume udongo ulioko chini ya msingi wa jirani hata kwa kombe moja. Mistari ya kuchimba na namna ya kuegemeza kuta ni kazi ya mhandisi. Mwambie aje aichore ardhini kwa chokaa, si kwa simu. Ukikuta maji, panda polepole zaidi, maana ukivuta kwa kasi unanyonya mchanga wa kuta uje shimoni. Udongo unaotoa usiurundike ukingoni, na tipa isikae ukingoni.

Sasa kubembea. Mzigo unaoning'inia huanza kubembea unapoanza kugeuka na unaposimama, katikati hauna shida. Anza kugeuka taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Achia liva kabla hujafika, acha mtambo ujiishie. Ikibembea, mwili wako utakwambia uivute kinyume; usiutii. Ifuate. Grabu inapofika mwisho wa bembea, ipeleke ncha ya mkono juu yake, itulie hapo. Nilifundishwa hilo na mzee wa kreni bandarini kwa kunipiga kofia kichwani kila nilipokosea, wewe nakuandikia bure. Beba mzigo ukiwa chini, karibu na ardhi na karibu na mtambo, usipandishe mpaka unapofika kwenye tipa. Kabla ya siku ya kwanza tafuta uwazi, chora duara la chokaa, weka ndoo ya plastiki katikati, ushushe makombe wazi kuizunguka bila kuigusa. Ukifanikiwa mara kumi mfululizo, nenda Kariakoo.

Na pini ya juu ya kuning'inizia ipakwe grisi kila asubuhi kabla ya kupanda, kisha ichungulie ufa. Dakika tano. Uichungulie mwenyewe, usimtume mtu.

Kuna grabu kubwa ya kamba nimeiona kwenye chuma chakavu, bei ya kutupa. Naweza kuifunga kwenye ekskaveta? Mtafutaji, Buguruni.

Hapana. Ile ya kamba nne haina silinda hata moja. Kamba mbili zinaibeba, mbili zinaifumba kupitia kapi zilizo ndani yake, na mwenye kuzivuta ni winchi za kreni. Ekskaveta haina winchi. Nimeona aliyejaribu kuchomelea silinda za tipa humo ndani. Ilifumba mara moja tu.

Ila kama makombe yake hayajaliwa na kutu, chuma cha midomo huwa kizuri, na kuna watu wa grabu ndogo wanakitafuta kwa ajili ya kubadilishia makali. Ipige picha nione. Simama ubavuni, nione unene wa mdomo. Picha za mbele hazinisaidii kitu.